Malalamiko Kuhusu Simu Yenye Stoo Kubwa na Dirisha Dogo

Kumb. Na. STOO/SIMU/1
(Namba 2 nimeshaianza, endapo hii haitajibiwa.)

Kwa Meneja,
Duka la Simu lenye Mlango wa Kioo,
Linalotazamana na Duka la Magodoro.

Ndugu Meneja,

YAH: SIMU YENU KUNINYIMA HAKI YA KUMPA MJUKUU WANGU JINA

Natumaini barua hii imekukuta umekaa. Kama umesimama naomba ukae, maana ni ndefu, na nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kumwomba mtu. Wapo watu mtaani wanaosema mimi niliishia darasa la nne. Ni kweli niliishia darasa la nne, lakini madarasa hayo manne niliyasoma vizuri, na wengi waliofika la kumi na mbili walikuwa wanakuja dirishani kwangu kuniuliza katoni moja ina glovu ngapi.

Mimi ni mtunza stoo mstaafu wa hospitali kubwa. Nimetunza stoo miaka thelathini na moja. Wananiita Stoo. Katika miaka hiyo haikupotea sindano, halikupotea shuka, haukupotea hata ufagio, ukiacha ule mmoja ambao wakaguzi wenyewe waliuvunja wakipima urefu wake. Nasema haya siyo kwa kujisifu. Nasema ili ujue unazungumza na nani.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili iliyopita, saa kumi jioni, nilitakiwa nimpe jina mjukuu wangu wa kwanza kwa simu ya video. Simu yenu iliganda nikiwa nimefungua mdomo. Jina likatolewa na mtu mwingine. Leo ni Alhamisi. Kwa utaratibu wa stoo, kitu kilichotolewa kimakosa hurudishwa ndani ya siku saba. Zimebaki siku tatu, ndiyo maana mwandiko wangu umelala kidogo upande mmoja. Nina haraka.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba, kama nilivyozoea.

1. Kuhusu namba kubwa na namba ndogo. Siku niliyonunua simu, muuzaji wenu aliniuliza napenda simu ya namna gani. Nikamjibu kwa neno moja: yenye stoo. Akatabasamu, akasema nimefika. Akanionyesha boksi limeandikwa 128 kwa tarakimu kubwa kama upawa. Nikauliza hizo nyingine zina ngapi, akasema sitini na nne. Mimi mtu wa stoo nichukue sitini na nne wakati mia moja ishirini na nane ipo mbele ya macho yangu? Nikachukua. Chini ya ile namba kulikuwa na namba nyingine ndogo kama mguu wa siafu. Ilikuwa 2. Niliiona, Ndugu Meneja, usije ukasema sikuiona. Nilidhani ndani ya boksi mna simu mbili. Nilipofika nyumbani nikalitikisa, na mke wangu akasimama karibu kuisubiri ya pili. Hakuna aliyenieleza kwamba ile 2 ndiyo ingekuja kunivunjia heshima.

2. Kuhusu uhakiki wa kila asubuhi. Tangu simu hii iingie nyumbani kwangu nimeitunza kuliko watu wanavyotunza meno yao. Kila siku saa mbili kamili, baada ya chai, naihakiki. Nafungua programu moja baada ya nyingine kuona kama ipo. Nafungua tochi, ipo. Nafungua kikokotoo, kipo. Nafungua ramani, redio, hali ya hewa, dira, mchezo wa magari, na kile kitu cha kupima mapigo ya moyo ambacho hunipima mimi na siku moja kiliipima meza ikawa na afya. Zote ni arobaini na sita. Kila ninayoiona naiwekea alama kwenye daftari. Nikishaifungua siifungi, kwa sababu stoo inayofungwa mara baada ya kukaguliwa ina jambo la kuficha. Naziacha wazi zipate hewa. Ni kweli simu ilikuwa inapata moto mgongoni. Mimi niliuchukulia moto huo kama dalili ya bidii.

3. Kuhusu mtu anayeitwa Dirisha. Huwezi kuelewa maumivu yangu bila kumjua huyu. Ni mkwe mwenzangu, yaani mwanawe amemuoa binti yangu. Lakini kabla ya hapo alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ile ile niliyofanyia kazi mimi. Alikaa kwenye kidirisha cha upana wa viwiko viwili. Hakuwa na rafu, hakuwa na kabati, hakuwa hata na msumari wa kutundikia koti. Mgonjwa anakuja, anaandikwa, anapelekwa, anakuja mwingine. Kwa siku alihudumia watu mia mbili, na jioni anafuta ubao wake kwa kitambaa, anaondoka mikono mitupu, kesho anaanza upya kama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Mimi nyuma nilikuwa na vitu vilivyoingia kabla sijaajiriwa na bado vipo.

Tumebishana miaka thelathini na moja nani kati yetu ndiye hospitali. Yeye husema, Stoo, bila mimi hivyo vitu vyako vingeoza hapo nyuma havijamfikia mtu. Mimi humwambia, Dirisha, bila mimi ungewapa wagonjwa tabasamu wakameze na maji. Watoto wetu walipooana tulidhani ubishi utaisha. Ulihamia sebuleni.

Mtoto alipokaribia kuzaliwa tulikubaliana kwa maandishi, nakala mbili, kwamba jina nitatoa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyestaafu na cheti cha kuning'iniza ukutani na yeye alistaafu na birika. Alitia sahihi. Ila kwa ujanja wake wa dirishani akaongeza mstari chini: endapo mwenye zamu hatapatikana, anayefuata kwenye foleni atahudumia. Niliusoma mstari ule nikacheka. Nitakosaje kupatikana, nina mia moja ishirini na nane?

4. Kuhusu Jumapili yenyewe. Nilivaa koti. Nilinyoa. Simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, kimo cha uso. Kwa kuwa siku ilikuwa kubwa, saa tisa na nusu nilifanya uhakiki wa pili, kamili, zote arobaini na sita, nikaziacha wazi kwa heshima ya mtoto. Saa kumi simu ikaita. Nikamwona binti yangu kitandani amechoka na anang'aa, mumewe pembeni, na katikati yao kitambaa chenye pua. Kwenye kona ya kioo, mdogo kama stempu, akatokea Dirisha kutoka kwake, hakuvaa hata koti.

Binti yangu akasema, Baba tunakusikiliza. Pembeni alikuwapo muuguzi na fomu, na zamu yake ilikuwa inaisha saa kumi na nusu. Nikasimama. Nikanyanyua kidole. Nikalitamka jina.

Nikalitamka tena, maana sikuona mtu akishangilia. Nikalitamka mara ya tatu kwa sauti niliyokuwa nikiitia gari la gesi. Hakuna aliyecheza. Binti yangu amekauka akitabasamu, mkwe wangu amekauka akijikuna sikio, mtoto amekauka, na yeye nikasema huyu analala, ana haki. Kiduara kikawa kinazunguka katikati ya uso wa Dirisha. Nikaipiga simu kofi dogo. Nikaisogeza dirishani. Nikaifuta kwa shati. Kumbe huko kwao wao walikuwa wazima wanatembea, niliyekauka ni mimi. Kwa dakika kumi na moja walinitazama nimefungua mdomo, jicho moja limefumba, kidole juu. Picha hiyo sasa inazunguka katika ukoo mzima na nimeambiwa shemeji yangu ameiweka mahali pa picha yake.

Muuguzi akaangalia saa. Wakamgeukia anayefuata kwenye foleni. Dirisha akatoa jina. Likaandikwa.

5. Kuhusu jina lililoandikwa. Silijui, na sitaki kulijua. Mke wangu alipigiwa kwenye kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, mambo yalipokwisha. Alitoka uani kusikiliza, akarudi ndani ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatetemeka. Akaanza, Stoo mume wangu, wamempa jina la... Nikamwambia, ishia hapo hapo. Nimepiga marufuku jina hilo kutajwa ndani ya nyumba hii, uani, na umbali wa hatua ishirini kutoka getini. Kitu kilichotolewa bila hati halali mimi sikipokei, na jina lililotolewa na asiye na zamu ni mali isiyo na hati. Mke wangu akasema sawa baba, ila utajuta. Kila anaponiandalia chakula ananiuliza kama marufuku bado ipo. Namwambia ipo. Anatoka nje kwanza akacheke, ndipo anarudi na maji ya kunawa.

Jirani yetu muuza mkaa naye amenipungia mkono siku nne mfululizo akisema hongera sana. Nimemjibu kwamba sihongereki.

Dirisha mwenyewe amenipigia mara tisa. Sijapokea. Atakuwa anataka kunitambia.

Jina nililokuwa nimeliandaa mimi lilikuwa zuri kupita kiasi. Lilikuwa la Mkaguzi Mkuu aliyekuja stoo yangu mwaka ule wa mafuriko, akahesabu sindano siku tatu mchana kutwa, akazikuta zote, akanishika mkono mbele ya watu. Ni jina refu, linahitaji pumzi, lakini mtoto angelikulia. Mke wangu alilipinga. Alisema mtoto hawezi kwenda shule na jina linaloitwa kwa vituo viwili. Hakuna aliyemuuliza.

6. Kuhusu maelezo ya fundi wenu. Jumatatu nilifika dukani kwenu mlango ulipofunguliwa. Nilihudumiwa na fundi wenu, yule mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Sina ugomvi naye, ni mtu mwenye adabu. Aliniita mzee wangu, akanipa kiti, akaishika simu akautoa mkono haraka kwa ilivyokuwa ya moto. Akauliza, mzee wangu, humu umefungua nini? Nikamjibu, kila kitu. Akaiweka simu mezani ipoe.

Kisha akaanza kunieleza kwamba simu ina vitu viwili tofauti. Akasema kabati na meza ya jikoni. Nikamwambia mama, mimi jikoni nakaribishwa, siishi huko, nieleze kwa stoo. Akafikiri. Akaniuliza hospitali yetu ilikuwaje. Nikamchorea. Ndipo akasema, basi mzee wangu hii 128 ndiyo stoo yako ya nyuma. Picha, nyimbo, programu zenyewe, vyote vimelala humo. Hata ukizima simu usiku, asubuhi unavikuta. Hapo nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikamwambia endelea.

Akasema, na hii 2 inaitwa ramu. Hii haihifadhi kitu. Hii ndiyo lile dirisha la mbele. Unachokitumia sasa hivi kinatolewa stoo kinaletwa pale dirishani kihudumiwe. Ukizima simu, dirisha linafutwa linabaki tupu. Na wewe mzee wangu una stoo pana kama uwanja, ila dirisha lako linatosha watu wawili, na Jumapili uliwasimamisha arobaini na sita, halafu ukamleta mtoto mchanga nyuma ya foleni.

Ndugu Meneja, nilivua kofia. Nikamuuliza kama kuna mtu amemtuma kwangu. Akasema hajatumwa na mtu. Nikamuuliza kama anamfahamu karani mmoja mstaafu wa mapokezi, mfupi, mwenye maneno. Akasema hamfahamu, lakini akaniuliza huyo ana simu gani. Nikamtajia, maana Dirisha alinunua hapa hapa kwenu, wiki moja baada yangu, kwa kuniiga. Akatazama kwenye kitabu. Akasema, hiyo ni sitini na nne, ramu sita.

Sita! Yaani huyo mtu stoo yake ni nusu ya yangu, na dirisha lake ni mara tatu ya langu. Ndiyo maana yeye hakuganda. Ndiyo maana alikuwa pale kwenye kona, mdogo kama stempu, anapepesa macho kama kawaida, anaisubiri foleni imfikie.

Fundi akanishauri nizifunge nisizozitumia. Nikamwambia mimi sifungi stoo mchana. Akasema, hufungi stoo mzee wangu, unawaondoa watu dirishani. Vitu vyenyewe vinabaki kule kule nyuma. Nikamwambia nitalifikiria. Sikulifikiria.

7. Kuhusu zoezi la kuondoa vitu. Jumanne nilichukua hatua mwenyewe, kwa sababu sikuzoea kufundishwa stoo na mtu aliyeiona kwa mchoro. Katika kazi yetu pakibanana unaondoa vilivyochakaa, na haviondolewi ovyo. Inaundwa kamati. Nikaunda kamati ya watu watatu: mimi mwenyekiti, mke wangu katibu, na muuza mkaa shahidi. Tukakaa kutwa nzima. Tukafuta picha mia nne na kumi na mbili. Nyingi zilikuwa za dole gumba langu, na nyingine za dari, nilizipiga kwa bahati mbaya nikazihifadhi kwa makusudi. Tukafuta video ya mtu anayemenya nanasi, tuliyotumiwa na watu kumi na saba tofauti; mimi nilitaka zote kumi na saba ziondoke. Katibu alipinga, akataka nanasi moja libaki. Tukapiga kura, likabaki.

Baada ya hapo nikafanya uhakiki, zote arobaini na sita, nikampigia binti yangu simu ya video ili nimweleze kuhusu siku saba. Simu ikaganda kabla hata hajapokea.

Jumatano nikarudi kwenu. Fundi akaangalia akasema, mzee wangu, stoo yako haikuwa imejaa hata robo. Umefagia ghala tupu, na dirisha bado limesongwa. Muuza mkaa, aliyenisindikiza kama shahidi, akacheka kwa sauti dukani kwenu, mbele ya wateja. Hilo nalo naliweka kwenye malalamiko.

8. Kuhusu ombi nililonyimwa. Hiyo hiyo Jumatano nilimwomba fundi jambo dogo la kawaida kabisa. Kwa kuwa nyuma nina nafasi nyingi inayokaa bure, achukue sitini kutoka stoo ahamishie mbele. Hospitali tulifanya hivyo mwaka waliovunja ukuta kupanua mapokezi. Akasema haiwezekani. Akasema kuna simu zinazoazima kidogo kutoka nyuma, nazo mwendo wake ni wa kujikokota, na yangu haimo kati ya hizo. Akasema ni vitu viwili vilivyotengenezwa mbalimbali, kimoja hakigeuki kingine hata ukikibembeleza. Nikamuuliza kama amewahi kubembeleza. Akashusha ile miwani ya kichwani, akaiweka juu ya ile ya machoni, akanitazama kwa zote mbili.

Basi baada ya kueleza hayo yote, Ndugu Meneja, maombi yangu ni kama ifuatavyo:

(a) Uniandikie barua yenye muhuri, useme kwamba Jumapili saa kumi na dakika tatu jioni mimi nilikuwa mzima, nimesimama, nimevaa koti, na jina nilikuwa nalo, ila dirisha lenu ndilo lililoshindwa kulipitisha.

(b) Barua hiyo iende kwa muuguzi mwenye fomu, ili jina lililotolewa lirudishwe kama shehena iliyopelekwa wodi isiyohusika. Mtoto akae bila jina mpaka Jumapili. Hatasumbuka, ana siku chache na hajaanza kuitika.

(c) Jumapili saa kumi zoezi lirudiwe lote, watu wakae kama walivyokaa. Dirisha safari hii avae koti.

(d) Ili pasiwe na upendeleo, mumwite mkwe mwenzangu dukani, mtoe ramu mbili kati ya sita zake mnipe mimi. Yeye atabaki na nne, nami nitakuwa na nne. Kama hilo nalo haliwezekani, basi zake mzipunguze hadi mbili, tugande wote.

(e) Kuanzia sasa ile namba ndogo iandikwe kubwa kama ile nyingine, na pembeni asimame mtu wa kuwaeleza wazee. Niko tayari kusimama mimi, kuanzia saa mbili hadi saa sita, kwa kuwa baada ya hapo hulala.

Usipofanya haya kufikia Jumapili, nitaipeleka barua hii kwa mhariri wa gazeti, na kwa mtengeneza simu mwenyewe popote alipo, na nitarudisha simu dukani kwenu nikae nayo pale mlangoni, mdomo wazi na kidole juu, kwa dakika kumi na moja kila siku, ili wateja wako wajionee wanachonunua.

Sina chuki na mtu. Nilichotaka ni kitu kimoja tu. Nina miaka sabini na mbili, na kila nilichokigawa maishani mwangu kilikuwa cha hospitali. Hiki kimoja kilikuwa changu, na mtoto angetembea nacho hata nikiwa sipo.

Nisalimie wafanyakazi wote, kuanzia mlinzi wa mlangoni ambaye ana heshima kuliko muuzaji. Msalimie fundi na miwani zake zote. Wasalimie na wenzako wa duka la magodoro, godoro lao la mwaka juzi bado liko vizuri, sina malalamiko nalo. Familia yako nayo naisalimu, na kama una baba aliye hai mpigie simu, ila ufunge vitu vingine kwanza.

Wako katika utunzaji,

Stoo (Mstaafu)
Cheti kipo ukutani, karibu ukione.

Nakala kwa:
Katibu wa kamati (mke wangu), kwa taarifa.
Muuza mkaa, kwa onyo.
Mkwe mwenzangu, asipewe.

Nyongeza baada ya sahihi:

Nimelazimika kuifungua tena bahasha, na gundi ilikuwa imeshakauka, kwa hiyo usishangae kuiona imechanika.

Leo Ijumaa asubuhi nikiwa kwenye uhakiki, nimefika programu ya thelathini na moja, iliingia picha kutoka kwa mkwe wangu. Sikuitaka. Kidole kiliteleza. Kiduara kilizunguka kwa muda ambao ningeweza kuchemsha maharage, kisha ikaanza kushuka pole pole kutoka juu, mstari kwa mstari. Ni ile fomu ya muuguzi. Jina la mama, la binti yangu. Jina la baba, la mkwe wangu. Uzito wa mtoto, mzuri. Jinsi, mvulana. Halafu ikaganda.

Nilisubiri, Ndugu Meneja. Sikuipiga kofi.

Ilipomalizika kushuka nikasoma jina la mtoto. Nikavaa miwani nikasoma tena. Ni langu. Siyo Stoo, hapana, ni lile lenyewe, nililopewa na mama yangu, ambalo sijalisikia likiitwa tangu siku ya kustaafu waliposoma cheti. Mimi sikujua kama yule mtu analijua.

Nilimwita mke wangu. Akasema alijua tangu Jumapili. Muuza mkaa alijua. Akanieleza na maneno yenyewe jinsi Dirisha alivyosema walipomgeukia: Mwandikeni huyo huyo aliyeachama hapo, maana namfahamu, bila hivyo hatafunga mdomo maisha yake yote. Wote wakacheka, na binti yangu akalia, na muuguzi akaandika.

Kwa hiyo maombi (a) mpaka (d) nayafuta. Muuguzi asiandikiwe kitu. Ramu za mkwe mwenzangu zisiguswe, amezitumia vizuri. Simu yangu msiitengeneze, kwa sababu ingekuwa nzima Jumapili yule mtoto leo angekuwa anaitwa Mkaguzi Mkuu. Ombi (e) libaki, naweza kuanza Jumatatu.

Kisha nimempigia Dirisha. Aliponisikia alisema, Stoo, ni wewe kweli au ni picha? Nimemwambia ni mimi. Hatukubishana. Nimemwita kwa jina lake halisi, naye akasema yuko njiani anakuja.

Binti yangu anasema mtoto amelala na akiamka watanipigia wote kwa video. Fundi alinionyesha namna ya kuzifunga, unaisukuma juu kwa kidole. Nimeshasukuma thelathini na nane. Zimebaki nane, na mke wangu anasema niache kuandika nisukume.